Paka wa Kitambaani

Nilikuwa bado wa umri wa kuketi sakafuni wageni wakija, nadhani miaka tisa, na labda ndiyo sababu paka yule alinitisha mimi kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Watu wazima walimwegemea kwa migongo yao wakaendelea na chai. Mimi nilimtazama kutoka chini, na kutoka chini alionekana mkubwa.

Nianze na vitambaa. Tuliishi Nakuru, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, nyumba aliyoachiwa Baba na babu yangu. Kila kiti cha sebuleni kilivaa kitambaa, mgongoni kimoja na kwenye mikono viwili, kama ilivyo desturi mpaka leo. Mama alivishona mwenyewe, vyetu na vya kuuza. Wanawake wengine walishona maua ya waridi, bata wawili wanaotazamana, au yale maneno ya Karibu Mgeni. Mama alichoka na bata. Siku moja sokoni, kwenye rundo la vyombo vya mitumba, akaokota kisahani kilichomeguka ukingo. Kilikuwa kimechorwa paka mweusi ameketi wima, mkia umemzunguka miguu, macho ya kijani. Akakinunua bila kikombe chake. Alimchora paka yule kwenye karatasi, akamhamishia kwenye kitambaa cheupe kwa karatasi ya kaboni, na kwa wiki tatu akamjaza uzi mweusi, mshono kando ya mshono, mpaka manyoya ya kifuani yakaonekana yamelala upande wake. Macho aliyaacha mwisho.

"Sasa ananiona," alisema, akakata uzi kwa meno na kucheka.

Akakiweka kitambaa hicho kwenye kiti kikubwa, kile kilichotazama mlango.

Krismasi hiyo tulikwenda Bungoma kwa watu wa Baba, na Januari tulirudi na Kukhu, mama yake Baba, aje amsaidie Mama na mdogo wangu Simiyu ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Kukhu aliingia, akatua kikapu chake, akaelekea kile kiti kikubwa. Kabla hajakaa akasimama.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni paka, Mama," Mama akajibu, kwa ile sauti ya chini aliyoiweka kwa ajili ya mama mkwe.

"Naona ni paka. Nauliza inafanya nini kwa nyumba iko na mtoto mdogo."

Akatueleza, bila hasira, kama mtu anayeonya kuhusu shimo njiani. Paka wa kawaida hulala. Akilala hufumba macho, na mtoto naye hupumzika. Lakini huyu ameshonwa macho wazi, na hakuna wa kumfumba. "Itamwangalia huyu mtoto mpaka imalize pumzi yake. Itoe macho ama uichome."

"Ni uzi tu, Mama."

"Hata kitanzi ni uzi."

Baba, aliyekuwa anajiandaa kwenda zamu kiwandani, alisema kitambaa ni kitambaa, kitolewe tu watu waishi kwa amani. Lakini kitambaa hakikutoka. Kukhu akahamia kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, na hapo ndipo alipokaa siku zote. Mimi nikaanza kuvuka sebule mbio, uso nimeugeuzia ukutani. Nikitumwa chumvi nilirudi nayo nusu, nyingine imemwagika.

Wiki ya tatu Simiyu akaamka mwili unachoma. Hakutaka kunyonya. Mama alimpa dawa ya maji ya homa, akatoka kwenda kwenye bomba, na Kukhu akamfunga mtoto mgongoni akawa anatembea naye uani, akiongea naye kwa Kibukusu polepole. Sebuleni nilibaki peke yangu na paka.

Nilichukua wembe ambao Mama alitumia kufumulia mishono iliyokosewa. Nikafumba jicho moja, sijui kwa nini, labda nilidhani nikifumba moja ataniona nusu. Nikakata. Uzi wa kijani ukatoka vipande vipande kwenye mapaja yangu. Nikaukusanya wote nikautupa chooni, kisha nikarudisha kitambaa kimegeuzwa, upande wa nyuma ukitazama nje. Sijawahi tena kujiona shujaa kiasi kile.

Kama saa nane mchana, Baba akiwa zamu na Mama ameshatoka bombani, tukiwa sebuleni, Simiyu alikakamaa mikononi mwa Kukhu. Macho yalipinduka yakabaki meupe, mikono ikaanza kurukaruka. Kukhu alipiga yowe, na katika nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta yowe halihitaji mjumbe. Mama Eliya, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, aliingia wa kwanza na wenzake wawili. Nyuma yao akaingia Bi Zuhura, jirani yetu Mwislamu, ambaye wazazi wake walihamia Nakuru kutoka Mombasa. Viatu alivishika mkononi.

"Ni degedege," Kukhu alisema. "Asipelekwe hospitali. Mtoto wa degedege akidungwa sindano, amekwisha."

Mama Eliya alikuwa ameshafika kwenye kiti. "Mimi si nilisema hii paka si ya Mungu? Leteni kiberiti. Tuichome, tuombe, moshi impitie mtoto."

"Imemwangalia," Kukhu akalia. "Imemwangalia mpaka imemmaliza."

Sikuweza kujizuia. "Haiwezi kumwangalia! Haina macho! Niliyatoa asubuhi!"

Mama Eliya akakigeuza kitambaa alichokuwa amekishika. Paka alikuwepo, mweusi vilevile, na mahali pa macho palikuwa na matundu mawili meupe yenye nyuzi zilizochanika pembeni. Kila mtu aliyaona. Visigino vya Simiyu vikaendelea kugonga tumbo la Kukhu.

Kukhu akanigeukia. "Basi umeichokoza. Sasa imekasirika."

Nilimwamini papo hapo. Sikuona mwanya wowote katika maneno yale. Nilijua nimemuua ndugu yangu kwa wembe wa Mama, nikakaa chini.

Lakini Mama alikuwa ameusikia mwanya. Alimtazama Kukhu, akamtazama Mama Eliya, akanitazama mimi pale chini, na nikaona uso wake unabadilika. Ile sauti ya chini ya kuongea na mama mkwe haikuwepo tena.

"Ikiwa na macho inaua. Ikitolewa macho inaua. Sasa mimi nishike gani?" Akamchukua Simiyu, akamlaza ubavu kwenye mkono wake. "Nipisheni."

Mama Eliya alisimama mlangoni, akamwita Mama kwa jina langu. "Mama Nafula, ukitoka na huyu mtoto bila maombi, usije ukatulaumu."

"Ombeni nikienda. Kwani Mungu hajui njia ya hospitali?"

Kukhu alimshika leso. "Wakimdunga atakufa. Nakwambia mimi, atakufa."

"Mama," alisema Mama, na hakuivuta ile leso, alisimama akamtazama mpaka mkono ukalegea wenyewe, "mimi nakula kwa sindano. Leo siwezi kuiogopa."

Bi Zuhura akawasukuma wale wa mlangoni kwa bega. "Sogeeni bwana, mtoto apite!" Tukatoka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye heshima zake, asiyepandisha sauti barabarani, lakini siku ile alisimama katikati ya lami, miguu mitupu, akapunga viatu vyake mpaka pikapu iliyokuwa inarudi Njoro na mitungi mitupu ya maziwa ikafunga breki mbele yake. Mimi niliparamia nyuma. Hakuna aliyeniambia nibaki. Mitungi iligongana njia nzima.

Kufika hospitali, mwili wa Simiyu ulikuwa umelegea na anapumua kwa kukoroma. Nesi alimlaza kwa upande, akamfuta mdomo, akatafuta mshipa. Nilifunika macho. Nilipoyafungua, sindano ilikuwa ndani na ndugu yangu alikuwa analia, kilio kibaya cha kuchokozwa, na Mama aliegemea ukuta kama mtu aliyetua gunia.

"Mmesafiri hivi karibuni?" daktari aliuliza.

"Tulikuwa Bungoma Krismasi."

"Tutapima damu, lakini nafikiri ni malaria mmerudi nayo. Mngechelewa, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Damu ilipopimwa, ndivyo ilivyokuwa.

Jioni Kukhu alifika. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani, anauliza njia, katika mji ambao alikuwa hajawahi kutoka peke yake hata kwenda dukani. Hakuingia wodini. Aliketi kwenye benchi nje, na Mama akanituma nimpelekee chai.

"Amedungwa?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Na anapumua?"

"Ananyonya."

Alikishika kikombe muda mrefu bila kunywa. "Nilizika wawili kabla ya baba yako," alisema. "Wote degedege. Wote niliwapeleka hospitali ya misheni siku ya tatu, dawa zote za nyumbani zikishashindwa. Wakadungwa. Nikarudi nao wamefungwa kwa shuka."

Nilikuwa mtoto, nikasikia sindano. Ilinichukua miaka mingi kusikia siku ya tatu.

Simiyu aliporudi nyumbani nilingoja fimbo. Badala yake Mama alinipa kitambaa, sindano na uzi wa kijani.

"Uliharibu, utatengeneza."

"Mama, naogopa."

"Ogopa ukishona."

Nilishona nikilia. Jicho la kulia lilitoka kubwa kuliko la kushoto, na paka akawa na sura ya mtu aliyeambiwa uongo. Mama alikiangalia kitambaa, akakirudisha kwenye kiti kinachotazama mlango.

Wiki hiyohiyo Mama Eliya alituma neno kwamba ushirika wa akina mama hautakuja tena kwetu mpaka kitu kile kitoke. Mjumbe alimkuta Mama anachora paka wa pili. Kabla ya Pasaka kila kiti kilikuwa na wake, na redio, na meza. Baba alisimama katikati ya sebule, paka wanamtazama kutoka kila upande.

"Sasa hii ni vita?"

"Ni vitambaa," Mama akasema.

Bi Zuhura naye akaagiza. "Ukutani sitaki sura ya kiumbe, dini yangu hainiruhusu. Lakini mto wa kukalia, nishonee. Paka kwetu ni mnyama safi." Kuhusu Mama Eliya, alirudi baada ya miezi mingi, binti yake alipokaribia kuolewa, akaomba seti ya vitambaa. Vya maua, alisisitiza. Mama alimshonea maua mazuri sana. Kukhu alikaa nasi mpaka mvua zilipoanza, akiwa palepale kwenye kigoda. Hakuwahi kuegemea kile kiti, na Mama hakuwahi kumlazimisha.

Siku hizi nafundisha ushonaji katika chuo kidogo huko Njoro, na wanafunzi wangu nikiwapa somo la wanyama nawaonyesha picha za paka waliotengenezwa na watu wa kale. Kuna wa shaba wa Wamisri, waliovishwa heleni masikioni. Kuna wale wa Kijapani wanaokaa madukani, mkono mmoja juu, wakiita wateja. Kuna michoro ya Ulaya ambamo paka mweusi ameketi miguuni pa mchawi. Kila mahali mtu mmoja ameshika patasi au brashi au sindano akamtengeneza paka, na mwingine amesimama nyuma yake akisema huyu ataleta baraka, au huyu atatumaliza. Paka mwenyewe hajawahi kusema neno.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kana kwamba Mama alimshinda Kukhu. Nilipenda kumwigiza Mama Eliya na kiberiti chake, na watu walicheka, Simiyu akicheka kuliko wote. Sasa nina watoto wangu, na siwezi kukisimulia hivyo. Kukhu alikuwa na makaburi mawili mkononi siku ile, na aliyoyasema aliyasema kwa sababu ya makaburi hayo. Isitoshe, mambo yangeweza kwenda vibaya. Simiyu angeweza kufa mikononi mwa yule nesi, sindano ikiwa mkononi mwake, na mpaka leo ingesemwa Bungoma na Nakuru kwamba mwanamke yule alionywa. Kitambaa kingechomwa. Mimi ningekua nikijua kwamba ni mimi niliyemchokoza. Mama aliyajua yote hayo akiwa amesimama pale sebuleni, mtoto anarukaruka mikononi mwake, na hakuwa na hakika ya kitu chochote.

Sidhani kuna aliyeshinda mabishano ya mchana ule. Mama hakungoja yaishe.