Kazi ya Jérôme Ilikuwa Ndani ya Depo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninapotaka kufuta kitu kwenye kompyuta. Leo nimekuona ukifuta dosiye, yaani folda, upesiupesi, moyo ukanipasuka, nikasema bora nikusimulie.

Nilikuwa bado msichana, nafanya kazi katika ofisi ndogo pale Mbunya, mtaa wa hapa Bunia. Tulitengeneza programu ya vituo vya afya, ya kuandika chanjo za watoto. Msimbo wake ulikuwa mkubwa mno, na intaneti yetu ilikuwa ya kubembelezwa. Kuuteremsha wote kulichukua siku nyingi, na mvua ikinyesha unaanza upya. Kwa hiyo Papa Anselme, mkubwa wetu, aliuteremsha mara moja tu, akauweka katika dosiye moja kubwa tuliyoiita depo. Kutoka humo alitutolea dosiye nyingine za kazi: moja ya programu iliyotumika katika vituo vya Irumu, moja ya majaribio, na kila mtu na yake. Ukifungua yoyote unakuta faili zote, unadhani inajitegemea. Haijitegemei hata kidogo. Kumbukumbu ya kazi za kila mtu ilikaa kwenye depo peke yake.

Jérôme alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi sote. Aliandika sehemu ya kumtafuta mtoto kwa jina la mama yake na kijiji alikozaliwa, maana akina mama waliokimbia vita walifika bila karatasi yoyote, na watoto wao walichomwa sindano zilezile tena au wakarukwa kabisa. Alikuwa karibu kumaliza. Kila jioni aliihifadhi kazi yake kwenye depo, ila hakuituma nje ya ofisi, kwenye mtandao. Hakupenda watu waione kabla haijapendeza. Maringo ya fundi hayo, na nilimcheka sana. Kisha akaenda Aveba kumzika mama yake, akauawa njiani. Sitasema zaidi, hata leo siwezi.

Papa Anselme akaiondoa dosiye ya Jérôme. Kazi yenyewe ilibaki salama kwenye depo, lakini hakumwambia mtu. Baadaye disiki ikajaa. Innocent, mwenzetu, alizoea kunakili dosiye nzima kwa flashi, kama wengi wetu hapa Bunia, akiamini kila nakala imekamilika. Akatafuta ile inayokula nafasi kuliko zote, akaifuta depo, akajaza vitu vingine palepale.

Asubuhi dosiye zetu zote ziligoma: faili zilionekana, lakini hakuna kilichokubali kuhifadhiwa.

“Uliuliza nani?” Papa Anselme alisema, sauti iko chini kabisa.

“Disiki ilikuwa imejaa, Papa. Nilizani kila dosiye iko na vitu vyake. Na ya Jérôme sikuiona, nikasema ulishaiweka fasi ingine.”

“Mi njo niliitosha, niliiondoa miye mwenyewe. Nilichoka kuona jina yake kila asubui.” Akakaa. “Weye uliangalia ukubwa tu, hukuuliza ni kazi ya nani iko mule ndani. Na miye nilinyamaza. Siye wawili tumemuzika tena.”

Tulijaribu kuifufua kazi ile kwa kila njia tuliyoijua. Haikurudi. Siku chache baadaye akaja Vérité, mjane wa Jérôme, angali katika nguo za kilio. Alitaka tu aone mume wake alikuwa anafanya nini. Papa Anselme alisimama, akamwambia kweli yote bila kujificha.

“Alikuwa anakosa kula juu ya ile kazi,” Vérité akasema. “Miye nilikuwa namugombeza.”

Akaaga, akaenda. Sisi ndio tuliobaki tunalia.

Basi sikia, mwanangu. Kuwa na dosiye nyingi za kazi moja si vibaya, hasa kwetu ambako intaneti ni ya shida. Lakini ujue ipi ni mama na zipi zinanyonya kwake. Kila moja uipe jina la kazi iliyo ndani, usiite “mpya” na “mpya ya kweli” kama ninavyoona kwako. Ukitaka kuondoa moja, iondoe kwa amri ya programu iliyoitengeneza, si kwa kuifuta tu, na uwaambie wenzako kabla hujagusa, hata kama huzuni imekuziba mdomo. Na kazi yako itume nje kila siku, hata kama ingali mbovu. Intaneti ikikataa, ipeleke kwenye disiki nyingine, katika nyumba nyingine.

Sehemu ya Jérôme tuliiandika upya, ikatuchukua miezi mingi. Katika miezi hiyo wako watoto waliorukwa, na wengine hawakukua. Hatuwajui hata majina, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuwatafuta.

Mungu akulinde njiani uendako, mwanangu, akurudishe nyumbani. Na siku utakapokosekana, kazi ya mikono yako iwakute wanaoihitaji.