Niliichezea Tanganyika netiboli, nikafunga mabao kumi na saba. Natamani nisingefunga hata moja

Wakuu, habari za mchana. Shikamoo kwa aliyenizidi umri, ila nina miaka themanini na kitu, naona humu marahaba zote ni zangu.

Nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Chumvi sitii.

Juzi mjukuu wangu kaniita legend mbele ya wageni, eti niliichezea Tanganyika enzi za Mwingereza. Nikainuka kuwaongezea wageni chai. Leo nasema.

Nimezaliwa Itigi. Baba alikuwa kibarua wa reli, mama akiuza asali stesheni treni ikisimama. Goli langu la kwanza lilikuwa mkanda wa pipa, baba aliupigilia kwenye nguzo nyuma ya nyumba. Mama hakujua sheria hata moja, lakini kila jioni aliniokotea mpira.

(Mpira wenyewe wa matambara. Msicheke.)

Shule ya bweni Tabora ndiyo iliyonitoa. Nikachaguliwa timu ya Tanganyika, mfungaji, twende Nairobi kucheza na Kenya.

Mama alikuwa anaumwa kifua. Nilitaka kubaki, akakataa.

"Nenda. Ukirudi utanionyesha kwa vidole umefunga mangapi."

Siku ya mechi, aisee, mpira ulinikubali. Mwenzangu wa shuleni, Felista, ambaye kwa uchoyo wa mpira hana mfano, alikuwa anafika chini ya goli kabisa halafu ananipa mimi. Kila mtu ananipa mimi. Mabao kumi na saba. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Tukarudi kwa basi mpaka Dodoma, kisha treni. Itigi nikamwona baba stesheni. Nikaruka kabla treni haijasimama sawasawa, nimeinua vidole kumi, halafu saba, nacheka.

Baba alikuwa amenyoa kichwa.

"Mama yako tumemzika Jumanne," akasema.

Mechi ilikuwa Jumatano.

Kwetu msafiri haambiwi msiba mpaka afike nyumbani. Telegramu ilimfikia mwalimu wetu asubuhi ya mechi, akaikunja akaiweka. Ndivyo alivyolelewa, na mimi ndivyo nilivyolelewa. Lakini niliumia, na bado naumia.

Niliporudi shule nikamuuliza Felista, "Ninyi mlijua?"

"Tuliambiwa asubuhi. Mwalimu alisema tukupe mipira, ufurahi kidogo."

"Na mabeki wa Kenya, nao waliambiwa?"

Felista akainama, akaanza kufunga kamba za viatu vyake.

Baada ya hapo nilicheza mechi mbili tu, zote na Uganda. Kila nikipewa mpira nikiwa peke yangu, mikono inakufa ganzi. Nawaza, nani tena amekufa? Nikakosa karibu yote. Wakaniacha. Uhuru ulinikuta nimeolewa Mitundu, nalima.

Nilichojifunza ni kwamba aliyefiwa aambiwe. Atalia njiani, sawa, lakini atalia siku ileile na wenzake. Mimi nilikuwa nashangilia na mama yangu yuko ardhini.

Sasa wewe ungekuwa mwalimu, telegramu mkononi, mechi jioni, ungefanyaje? Andikeni, nasoma zote, polepole.

Na mniambie nimjibu nini huyu mjukuu. Maana katika yale kumi na saba, mpaka leo sijui yangu yalikuwa mangapi.