Siku Niliyokufa Bila Kifurushi

Mimi ni fundi cherehani wa Kilwa Masoko, na ugonjwa wangu ni kujua mambo yasiyonihusu. Wenzangu wana ugonjwa wa bao, wengine wa kahawa. Mimi simu yangu naiegemeza kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa, na macho yako kwenye habari za nyani wa nchi za baridi wanaooga maji ya moto. Kwa mtindo huo niliwahi kushona kanzu ya mteja nikaziba mfuko kabisa, kwa sababu wakati ule nilikuwa nasoma kwamba konokono anaweza kulala hata miaka mitatu. Mteja alirudi analalamika kwamba mkono hauingii. Nikamweleza habari ya konokono. Hakuonekana kuridhika.

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, nilikuwa nachagua jambo moja la ajabu, nalituma kwenye kundi la ukoo, kisha nampigia mama kule Kikole. Mama ana simu ya kitochi isiyojua mtandao, kwa hiyo yeye namsomea. Ana presha, na daktari alishatuonya kwamba asishtuliwe. Aliposema "asishtuliwe" alikuwa ananitazama mimi, maana mimi ndiye mtoto pekee aliyembakia, wenzangu walitangulia. Ndiyo sababu mama nilimchagulia habari za wanyama. Za siasa na ajali niliwaachia wengine.

Husikiliza hadi mwisho, namsikia anachochea moto, halafu anatoa hukumu. Nilipomwambia pweza ana mioyo mitatu alisema, "Ndiyo maana haivi upesi." Nilipomwambia kwamba twiga, na urefu wake wote ule, ana mifupa saba tu ya shingo, sawasawa na mimi, aliacha kuchochea moto.

"Basi wewe ya kwako umeificha wapi?" akauliza.

Shingo yangu ni fupi, kweli. Kola zangu nazikata mwenyewe na bado zinanigusa masikio.

Kwenye kundi la ukoo sikuwa na bahati hata hiyo. Shukrani sikupata. Shemeji yangu aliwahi kuniandikia, "Asante, sasa tunaweza kulala," na ilikuwa asubuhi. Aliyenijibu kila siku ni mtani wangu mmoja wa Rasbura, pale Lindi mjini. Tulimwingiza kwenye kundi kwa sababu utani wa babu zake na babu zetu ni wa zamani mno, hakuna anayekumbuka nani alianza. Na kwa asiye wa kwetu nieleze jambo moja, maana ndilo lililoniponza. Kwetu mtu akifa, wakati wenye msiba wanalia, mtani huja na kejeli. Atavaa shati la marehemu, ataigiza alivyokuwa anatembea, ataingia kaburini akidai hicho ni chumba chake na kodi ameshalipa. Ni haki yake, na ni wajibu wake pia. Msiba uliokosa mtani watu huondoka nao moyoni.

Basi asubuhi moja nikasoma kwamba zipo nchi ambako watu huandika tanzia zao wenyewe wangali hai, na wengine huwasomea rafiki zao wakacheka pamoja. Nikasema hii ndiyo. Hii hata shemeji ataipokea. Nikaandaa ujumbe wa kwanza, ambao ni mfano, yaani tanzia yangu na picha yangu, na ujumbe wa pili wa maelezo. Mtu mwenye akili angeanza na maelezo. Mimi nilitaka utamu.

Tanzia yenyewe niliihangaikia kuliko kanzu yoyote. Niliandika hivi: "Fundi wenu wa Kilwa Masoko ametutoka alfajiri ya leo. Alikuwa mtu wa watu, hodari wa kazi yake na mnyenyekevu. Amekwenda kwa utulivu, bila kusema neno." Nilipofika kwenye "hodari wa kazi yake" nikakumbuka ule mfuko ulioziba, lakini nikaacha vilevile, marehemu hasemwi vibaya. Maneno ya dini sikuyagusa kabisa, nikajipongeza kwa uchaji wangu. Picha nikachagua ile ya sikukuu, nimevaa kofia ya kushonwa kwa mkono na natabasamu kidogo tu, kama mtu aliyeridhika na safari.

Ilikuwa picha kubwa na safi. Ikaenda. Maelezo yakafuata, nayo yakaning'inia pale pale, kwa sababu kifurushi cha intaneti kilikuwa kimekwisha. Sikuona. Nilikuwa nimeshaiweka simu chini, nacheka peke yangu, nakata suruali za sare za shule. Nikampigia mama, hapatikani. Nikajua simu imeisha chaji na ameipeleka kwa mwenye duka, kama kawaida yake. Nikaendelea kukata.

Simu zikaanza kuingia. Binamu yangu akapiga, nikasema "Haloo," akakata. Akapiga mwingine, nikasema "Haloo," naye akakata. Wa tatu alipiga ukelele kwanza, ndipo akakata. Nikalaumu mtandao. Kisha akapiga mwadhini wa msikiti wetu, mtu mpole, asiyependa kumsumbua mtu.

"Fundi," akasema taratibu, "uniwie radhi, nauliza tu. Umekufa?"

"Ndiyo kwanza nasikia kwako," nikamjibu, nikijua ananitania.

"Basi nisitangaze?"

"Usitangaze, shehe."

"Alhamdulillahi," akasema, lakini kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

Hata hapo sikuelewa. Aliyenifumbua macho ni mke wangu.

"Baba watoto, njoo nyumbani," akasema. "Wanawake wa mtaa mzima wamekuja na mikeka. Nimewaambia umekwenda kazini, wakanikumbatia wakazidi kulia. Wanasema uchungu umenipanda kichwani. Njoo uwaambie kwa mdomo wako kwamba hujafa."

Nikatazama simu, nikaona yale maelezo hayajaenda, nikakimbilia vocha. Nilipofungua kundi, pole zilikuwa zinamiminika. Watu ambao hawajawahi kunijibu hata kwa alama ya kidole walikuwa wameandika dua ndefu. Shemeji aliandika kwamba habari zangu za asubuhi zilikuwa taa ya ukoo, na nakiri kwamba nilitulia nikaisoma hiyo mara mbili. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameshtukia: "Hebu subirini, mnamjua huyu, huenda ni mzaha wake." Lakini chini yake mtani wangu wa Rasbura alikuwa ameshaingia kazini.

"Kaburi lichimbwe penye mtandao, asije akafufuka kutafuta alama."

"Mwosheni, ila simu msijaribu kuichomoa mkononi, mtavunja vidole."

"Mashati yake nachukua mimi. Kola nitaongezea kitambaa."

Na yule aliyekuwa na shaka, baada ya kusoma hayo, aliandika: "Mtani ameshaanza. Basi ni kweli. Poleni sana." Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kwetu huwezi kuupinga msiba ambao mtani ameshaucheka.

Maelezo yangu nayo, kwa kuwa sasa kulikuwa na kifurushi, yakajituma yenyewe. Yalitua katikati ya kilio chote kile, marefu, yakieleza kwamba katika nchi fulani watu huandika tanzia zao. Jibu likaja papo hapo: "Nani ameshika simu ya marehemu? Tuwe na adabu."

Nikampigia mtani. Akapokea. Nikamwambia ni mimi. Nikasikia mtu mzima analia kwa kwikwi, huku nyuma yake makondakta wananadi magari.

"Mwehu wewe," akasema alipoweza. "Kutwa nakutania na machozi yananichuruzika. Niko stendi nasubiri gari nije nilale kaburini mwako." Akapenga kamasi. "Na mama yako? Mama ameambiwa?"

Kicheko kilinikauka. Nikarudi kwenye kundi, nikapandisha ujumbe mmoja baada ya mwingine, na nikalikuta jibu. Mmoja wa ndugu zetu, kwa wema kabisa, alikuwa ameandika: "Mwenye duka wa Kikole nimemtumia, ataenda kumwambia bibi kwa upole." Nikampigia huyo mwenye duka. Hapatikani. Nikampigia mama. Hapatikani. Simu yake ilikuwa imelala dukani ikichajiwa, na kutoka duka lile lile kifo changu kilikuwa njiani kwenda kwake kwa miguu.

Nikatoka mbio hadi kwa bodaboda. Dereva niliyemkuta ananifahamu, suruali zake nazipunguza mimi. Aliponiona alishuka kwenye pikipiki akarudi nyuma. Kwenye tangi alikuwa ameweka mfuko wa nailoni.

"Fundi," akasema, "si ndiyo nimetumwa nipeleke sanda kwako?"

"Twende Kikole. Mama yangu atakufa."

"Sasa bafta hii niifanyeje?"

Nikaichukua mimi, sikuwa na muda wa kubishana. Tukaondoka, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaingia kwenye mfuko ukaishika ile bafta kuipima. Ilikuwa nyepesi, ya kuchanika. Pamoja na roho yangu kuwa juu juu namna ile, nilipata nafasi ya kukasirika kwamba fundi mzima ninazikwa na kitambaa kama kile. Hivyo ndivyo nilivyo.

Tulipopita Nangurukuru na kuacha lami, hasira hiyo iliisha, nikabaki na woga mtupu. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilimwona mama amelala chini uani na watu wanampepea. Niliona pia kwamba nikifika nikamkuta hivyo, sitakuwa na la kumweleza mtu yeyote hadi kufa kwangu kwa kweli, maana hakuna namna ya kusema "nilisoma mahali" mtu akakusamehe. Dereva alikuwa akigeuka mara kwa mara kunitazama. Baadaye aliniambia alikuwa anahakikisha kama bado nipo.

Pale kwa mama, nilisikia watu kabla sijawaona. Uani kulikuwa na wanawake kwenye mikeka, na mwenye duka amesimama pembeni na simu yake mkononi, kama mtu aliyeleta mzigo akakosa wa kuupokea. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, ungo mapajani, anamenya mbaazi mbichi.

Mwanamke mmoja aliniona, akapiga ukelele. Mwenye duka akaangusha simu. Mama hakuinua hata kichwa.

"Si niliwaambia," akawaambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaendelea kumenya. "Wamenisomea. Nikawaambia wanisomee tena. Ati amekwenda kwa utulivu, bila kusema neno." Akatikisa kichwa. "Nikawaambia huyo siye wangu. Mkamtafutieni mama yake."

Wanawake wakacheka hadi wengine wakajilaza kwenye mikeka. Mwenye duka akacheka, dereva akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, nimekumbatia sanda yangu, jasho na vumbi vimenigandia usoni. Nilijiambia kwamba mama yangu ni jabali, na kwamba domo langu, lililosemwa vibaya miaka yote, leo limeokoa mtu. Nilikuwa tayari kuliandika hilo kwenye kundi.

Nikakaa chini karibu na kigoda chake ili nimsaidie kumenya. Ndipo nikautazama ungo. Ulikuwa umejaa maganda. Mbaazi zenyewe zilikuwa chini, miguuni pake, na kuku wanadonoa. Akachukua nyingine mbele yangu, akaipasua kwa kidole gumba, akatupa mbaazi chini, akaweka ganda kwenye ungo. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Sema," akaniambia kwa sauti ambayo wale wengine hawakuisikia.

"Niseme nini, mama?"

"Lolote. Nikusikie."

Kichwa changu, ambacho kimebeba konokono na twiga wa dunia nzima, kilikuwa kitupu kabisa. Nikadaka la kwanza lililopita.

"Pweza ana mioyo mitatu, mama."

Akautazama ungo, nadhani ndipo alipoyaona maganda. Akayamwaga chini polepole, akajifuta vidole kwenye kanga.

"Mimi ninao mmoja tu," akasema.