Kibali cha Nusu Saa

Mtaa mzima ulimwita Tulia. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu, kwa sababu kwa miaka arobaini na mmoja neno hilo ndilo lililomtoka kinywani kuliko mengine yote. Bibi harusi aliambiwa tulia, mtoto mchanga aliambiwa tulia, na wanasema alipoitwa kupiga picha msibani alimwambia hata marehemu tulia, ingawa huo ni uzushi wa muuza magazeti, jirani yake.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stesheni ya treni: pazia la kijivu, kigoda cha kuzunguka, na kioo kilichopasuka pembeni cha watu kujichania nywele. Zamani watu walikuja hapo wakiwa wameoga. Walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu, nguo zimenyooshwa, viatu vinang'aa, na picha moja ilikaa ukutani mpaka wajukuu wakaikuta. Siku hizi mtu anajipiga picha ishirini kabla hajanawa uso, na anazifuta zote kabla ya mchana. Tulia alikuwa amebakiwa na picha za paspoti, na hata hizo watu walilalamika kwamba amewafanya wafanane na wao wenyewe.

Jumapili moja alikwenda kumjulia hali dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka saba. Alimkuta sebuleni akishona kiraka kwenye goti la kulia la ovaroli ya mumewe, kiraka juu ya kiraka. Mumewe, yaani shemeji yake Tulia, alikuwa mpanga mabehewa kwenye yadi ya reli. Kazi yenyewe ni hii: treni za mizigo zikifika, yeye ndiye anayezifumua na kuzifuma upya. Anamwonyesha dereva kwa bendera asogee au asimame, anavuta mkono wa chuma unaogeuza reli, kisha anaingia kati ya behewa na behewa kufunga ndoano. Ijumaa ya wiki ile ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Jumatatu yake mafundi wangeingia kung'oa mikono yote ya chuma, na tangu hapo reli zingegeuzwa na mtu aliyekaa ofisini mbele ya kioo cha kompyuta, anakunywa maji ya chupa.

"Mdogo wangu," dada alisema bila kuinua macho kwenye sindano, "nimefua hizi nguo miaka thelathini na minne. Sijawahi kuona zinakochafukia."

"Si umwambie mumeo akusimulie?"

"Huyu? Hebu muulize."

Shemeji alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, soksi zimetoboka kidole gumba. "Mabehewa yanakuja," alisema, "mabehewa yanakwenda."

"Umesikia? Miaka thelathini na minne, hadithi ndiyo hiyo."

Familia hazikuruhusiwa kuvuka geti la yadi. Juu ya geti palikuwa na kibao kilicholiwa na kutu, kimechorwa kamera iliyopigwa mstari. Watoto wa nyumba ile walikua, wakaoa na kuolewa, hakuna aliyewahi kumwona baba yao kazini.

Dada alikata uzi kwa meno. "Nataka picha yake akiwa humo. Moja tu, kabla hawajang'oa. Nisije nikafa nikidhani alikuwa anakwenda kubingirika kwenye matope."

"Shemeji, achana na huyo," alisema mwenye soksi. "Wewe unapiga watu waliokaa. Mimi sijakaa tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana hata kwenye picha ya harusi umetoka kama mtu aliyeona nyoka," Tulia alimjibu.

"Niliona nyoka kweli. Alikuwa nyuma ya kamera."

Walicheka, lakini Tulia aliondoka pale na mzigo kifuani. Mama yao alipofariki, dada yake ndiye aliyemlea, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba kitu.

Jumatatu alikaa mezani akaandika barua. Aliandika kwa kalamu ya wino, aya tatu, akianza na salamu kama inavyompasa mtu aliyefunzwa. Enzi za mkuu wa stesheni mwenye kofia, barua kama hiyo ingesomwa kwa kusimama. Mkuu angekutazama usoni, angeuliza wewe ni mtoto wa nani, na jibu lake, ndiyo au hapana, ungelipata palepale huku umeshika kikombe. Sasa mkuu hayupo, kofia haipo, pameachwa kidirisha chenye tundu dogo la kusemea. Karani wa ndani aliitazama barua kama mtu aliyepewa samaki mkononi.

"Baba, barua hatupokei. Kuna fomu. Iko mtandaoni."

"Mtandaoni ni ghorofa ya ngapi?"

Karani hakucheka. Tulia alijua vizuri mtandao ni nini, alitaka tu kuona kama humo ndani kuna mtu.

Ilibidi amwombe muuza magazeti simu yake. Walijaza wote wawili, vichwa vimegongana juu ya kioo kidogo. Fomu iliuliza jina la kampuni. Iliuliza aina ya kamera, lakini kati ya zile za kuchagua, ya kwake, sanduku la mbao lenye mvukuto wa ngozi na miguu mitatu, haikuwemo. Mwishowe iliuliza idadi ya wafuasi.

"Wafuasi gani? Mimi ni mtume?"

"Watu wanaotazama picha zako, mzee. Andika sifuri."

Tulia alikataa kuandika sifuri. Alimwelekeza rafiki yake cha kuandika, wakatuma.

Jumatano aliitwa ofisi ya uhusiano, ghorofani. Alimkuta binti mmoja wa umri wa kuwa mjukuu wake, fomu iko mbele yake, mkono kauweka mdomoni.

"Shikamoo, babu. Hapa kwenye wafuasi umeandika, 'Sina wafuasi, nina dada.'"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hali halisi."

"Na kwenye lengo la picha?"

"Soma."

Binti alisoma kwa sauti: "'Dada yangu aone mume wake alikuwa anafanya nini.'" Akaisoma tena kimoyomoyo. Kisha akavuta karatasi na kuanza kuandika. Lakini si kwamba mambo yaliishia hapo. Moyo wa mtu mmoja hautoshi kufungua geti. Tulia akapelekwa kitengo cha usalama, kule akaulizwa kama picha zitauzwa nje. Akapelekwa kwa msimamizi wa yadi, akakuta ametoka. Akarudishwa kwa binti, binti akapiga simu mbili, na Alhamisi saa tisa alasiri karatasi ikatoka na mihuri mitatu. Ijumaa, kuanzia saa tatu kamili asubuhi hadi saa tatu na nusu. Viatu vya kufunika vidole. Kofia ngumu na kizibao cha kung'aa. Asikanyage reli. Asiwashe mwanga wa kamera usoni mwa dereva. Asitoke pembeni mwa afisa usalama. Masharti yalikuwa kumi na saba, na Tulia aliyasoma yote mara mbili, huku akisonya. Nusu saa! Zamani fundi alitumia nusu saa kupanga mikono ya mteja mapajani.

Ijumaa alifika getini saa mbili na nusu, amevaa koti lake jeusi la heshima. Kwenye begi alikuwa na mabamba mawili ya filamu, kila moja la picha moja tu. Ndiyo ya mwisho. Walioyatengeneza walikwishafunga zamani. Alikuwa pia na kitambaa cha kujifunika kichwa wakati wa kulenga, kilichoshonwa na marehemu mkewe: nje cheusi, ndani kimetiwa bitana jekundu. Masharti kumi na saba hayakutaja kitambaa.

Afisa usalama, mtu mnene mwenye redio ya mkononi, alimpeleka mpaka mahali palipochorwa mraba wa chaki. Yadi ilikuwa pana kuliko alivyodhani: reli kumi na moja ubavu kwa ubavu, kokoto nyeusi kwa mafuta, mikono ya chuma imesimama kwenye vitako vyake, vishikio vimesuguliwa na viganja mpaka vikang'aa kama kijiko. Kichwa cha treni kilikuwa kwa mbali, kikisubiri kusukuma mabehewa kumi na mawili kurudi nyuma.

Na shemeji naye akatokea. Ee Mola! Alikuwa amevaa ovaroli mpya, ina mikunjo ya dukani. Alikwenda akasimama kando ya behewa, visigino pamoja, mikono imeshuka, kidevu juu.

"Shemeji, fanya kazi!" Tulia alipiga kelele.

"Nafanya!"

"Umesimama kama mlingoti!"

"Si umezoea waliotulia? Piga basi, treni inaningoja!"

Dakika zilikuwa zinakwenda. Tulia akapiga. Kabla hata hajatoa bamba alijua amepata picha ya paspoti yenye treni nyuma yake. Bamba la kwanza limekwenda na maji.

Shemeji aliinua bendera ya kijani, mabehewa yakaanza kurudi. Tulia akajifunika kitambaa, akalenga, akatoka haraka atie bamba la pili, akakitupa kitambaa begani jinsi alivyofanya studio maelfu ya mara. Lakini studio haina upepo. Kitambaa kiligeuka, bitana likafunguka likapepea juu ya kofia yake, jekundu kama pilipili, kando kabisa ya njia.

Breki zilipiga ukelele. Mabehewa yakagongana moja baada ya jingine, mlio ukatembea treni nzima mpaka mwisho, kisha pakawa kimya.

"Nani kaonyesha nyekundu?" sauti ya dereva ilitoka dirishani.

"Huyu!" shemeji alijibu, uso umemwiva. "Shemeji yangu! Nimemlisha miaka thelathini na minne, leo kaja kunizika!"

Humo yadini palikuwa na sheria kongwe kuliko mihuri yote, nayo haikuandikwa kwenye fomu. Aliyeonyesha nyekundu ndiye anayeiondoa: anakwenda kwa dereva kwa miguu yake na kumweleza sababu kwa kinywa chake. Na treni iliyosimamishwa ghafla haisogei hata hatua moja mpaka mpanga mabehewa apite ndoano zote, moja moja, kwa mkono.

Tulia akatembea mpaka kwenye kichwa cha treni, afisa usalama ubavuni. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi ndevuni.

"Nisamehe, mwenzangu. Ni kitambaa cha kamera. Aliyekishona hakujua kingefika huku, na mimi niliyejua sikufikiri."

Dereva alikitazama kitambaa. "Tangu nianze kazi nimesimamishwa na ng'ombe, na mafuriko, na mlevi. Mpiga picha, leo mara ya kwanza." Akazima injini. "Haya, nyekundu imeondoka. Mimi siendi popote mpaka huyo bwana amalize ndoano zake."

Afisa usalama alikuwa ameshika kile kibali, anakisoma toka juu mpaka chini, midomo inacheza. Tulia aliona mwisho wa mambo umefika. Angemwambia nini dada yake? Kwamba aliwekewa meza akaipindua?

"Vitambaa havimo," afisa alisema hatimaye. "Muda umo. Hapa pameandikwa saa tatu na nusu, na sasa ni saa tatu na dakika ishirini na tatu. Una dakika saba. Ila hicho nipe mimi." Akakikunja kitambaa, akakitia kwapani.

Kwa hiyo karatasi aliyoilaani wiki nzima ndiyo iliyomlinda. Tulia hakupenda kulikiri hilo, wala hakulikiri kwa mtu yeyote baadaye.

Alirudi kwenye mraba wake, akavua koti la heshima, akajifunika nalo kichwa. Ndani ya giza, kichwa chini miguu juu kama kamera hizo zinavyoonyesha, alimwona shemeji yake akija kutoka behewa hadi behewa. Alikuwa amesahau kamera. Alikuwa amesahau hata ovaroli mpya. Kila penye kiungio aliinama, akapiga goti la kulia juu ya taruma, gogo la mbao linalobeba reli, akaingiza mkono mpaka begani, akavuta ndoano kwa nguvu, kisha akaigonga kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Midomo ilikuwa ikinung'unika, bila shaka ikimlaani ndugu wa mkewe. Akainuka, akaenda kwenye kingine, akapiga goti lile lile.

Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na mmoja, Tulia hakumwambia mtu yeyote atulie. Alisubiri kiungio cha saba, palipokuwa na mwanga mzuri, akapiga.

Jumatatu mafundi waliingia. Mikono ya chuma ilikatwa kwa moto na kupakiwa kwenye lori kama kuni, na yadi ile sasa inaendeshwa na watu ambao ukiwakuta mtaani huwezi kuwajua kwa viganja vyao. Tulia hakwenda kutazama. Alikuwa kwenye chumba chake cha giza, akitikisa beseni taratibu.

Jioni aliipeleka picha kwa dada yake, ikiwa na unyevu bado. Shemeji alikuwa kwenye kochi, siku yake ya kwanza ya kukaa, hajui miguu aiweke wapi.

Dada alivaa miwani, akaisogeza picha dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu: kiungio, nyundo, sikio lililotegwa, goti kwenye taruma. Kisha akamgeukia mumewe, akamtazama mguuni.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ndiyo maana ni goti la kulia."

"Maana ya nini?" shemeji aliuliza.

Alikwenda chumbani, akarudi na ile ovaroli kuukuu yenye kiraka juu ya kiraka, akaikunja vizuri, akaiweka kabatini kwenye nguo za kutokea. Picha akaiegemeza ukutani, mahali pa kuonekana na kila anayeingia.