Kazi Isiyo na Ofisi

Chanjo ya korona ilipofika zahanati ya kijiji ilikuwa haba, ikasemwa waanze wauguzi na walimu. Bi Sabaha, anayewaosha wanawake waliofariki, alifika mgongo ukimuuma. Tangu mavuno ya ufuta, kwa wingi wa vifo, alikuwa hajapumzika.

"Bibi, wewe mfanyakazi wa wapi?" aliuliza nesi Zulfa.

"Kazi yangu haina ofisi, mwanangu. Nawaosha waliouawa na ugonjwa huuhuu. Nikikosa, basi, niende. Kijiji cha Naipingo kuna maiti inanisubiri."

Zulfa akainamisha kichwa. "Hata mama yangu ulimwosha wewe." Akamgeukia mwalimu aliyekuwa kwenye kiti cha sindano. "Mwalimu Harithi, mpishe."

"Aketi tu," mwalimu akacheka. "Akiugua huyu, mke wangu ataoshwa na nani?"

"Mkeo mzima, acha uchuro!" Bi Sabaha akamkemea.

Kisha akamshukuru Mungu, akaketi. Sindano ilipoingia, alikuwa ameshasinzia.