Mgebuka Wangu Alivyoungua

Juzi mchana nilikuwa sokoni Ujiji, njaa inaniuma, nasimamia mguu huu mara ule, nikisubiri mama mchoma samaki anipe mgebuka wangu. Mvuvi mmoja wa kijiji cha Mwamgongo akachungulia jikoni.

“Mama, mbona umempasua? Sisi tuliowafundisha kuchoma, tunamchoma mzima.”

“Nyie mnajua kuvua tu! Kuchoma mmejifunza hapa Ujiji,” mama akamgeukia, koleo juu, moto kaupa mgongo.

Nikakohoa. Nikaonyesha moshi. Wapi!

Walipokumbuka jiko, samaki alishakuwa mkaa. Wakamkagua wote wawili.

“Hivi ndivyo wanavyochoma Kidahwe,” akasema mvuvi.

“Kabisa,” mama akaafiki. “Watu hata ziwa hawalioni.”

Amani ikarudi. Mimi, mzaliwa wa Kidahwe, nikaomba ndimu, nikamla hivyohivyo.