Shahidi wa Ndege wa Arobaini

Mdogo wetu wa mwisho alipofikisha miaka kumi na minne alianza kupenda ndege. Nilimshukuru Mungu, kwa sababu pale Hillbrow, mtaani kwetu Johannesburg, wasichana wa rika lake walikuwa wakipenda wanaume wenye magari. Sikujua kwamba ndege nao wana masharti.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kizungu mwenye kofia pana na magoti mabovu, alikuwa akiwachukua wanafunzi kila Jumamosi asubuhi kwenda kutazama ndege kwenye bwawa moja upande wa Randburg. Mwaka ule wa 2017 alitangaza kwamba atakayeandika ndege arobaini kabla Oktoba haijaisha atapata nafasi kwenye kambi ya siku tano milimani. Mdogo wangu hakuwahi kulala popote pasipo kelele za teksi, na kambi hiyo aliitaka mpaka akaacha kula vizuri. Lakini kila ndege lazima aonwe na watu wawili, na kila mtoto lazima aje na mkubwa wake. Wenzake walikuja na baba au mama. Yeye alikuja na mimi, yaya wake, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu Kongo, niliyemlea tangu wazazi walipotutoka kule Uvira, na ambaye Jumamosi asubuhi ndipo nasuka wateja wengi kuliko siku zote. Niliwaambia waje alasiri. Mmoja akaniuliza, "Hao ndege wanakupa nini, mama? Manyoya?"

Siku ya kwanza nilitia aibu ukoo mzima. Nilipoacha shule darasa la sita, kazi yangu ilikuwa kulinda mpunga wa jirani katika bonde la Ruzizi, na huko kila ndege ana jina moja tu: mwizi. Sasa tumefika bwawani, mama kiongozi akainua kidole, wote kimya. Kwenye matete kulikuwa na kundi la kweche, wekundu kama makaa, wamejaa kama nilivyowaacha nyumbani. Mkono wangu haukuniuliza. Nilipiga kofi, nikapaza sauti, "Hoooo! Tokeni!" na bonge la udongo likaruka. Lilikwenda mbali, sina budi kusema. Bwawa zima likainuka: kweche, bata, korongo, na ndege wengine ambao hakuna aliyejua kuwa wamo.

Mama kiongozi alishusha darubini. Akaniuliza polepole, kama anayesema na mgonjwa, kwa nini nimefanya vile.

"Walikuwa wanakula," nikamjibu.

"Wanakula nini, yaya?" mdogo wangu akanong'ona, machozi yakimlenga. "Mpunga wa nani? Hapa ni Johannesburg!"

Tangu siku ile nilitazama ndege nikiwa nimebana mikono kwapani.

Majina yao ya Kiingereza yalinishinda, nikawa nawatambua kwa vichwa. Nilikuwa nikisema, "Yule aliyeamka bila kuchana," naye anafungua kitabu, anacheka, anaandika. Mwingine alikuwa na ushungi kama mteja wangu mmoja mkorofi, na huyo tulimpata bila kitabu. Ilipofika Jumamosi ya mwisho tulikuwa na thelathini na tisa.

Saa tatu na nusu akanishika mkono kwa nguvu. "Mdiria! Yule mdogo, mvuvi! Pale, yaya, pale!"

Niligeuka. Mama kiongozi akaja na kalamu yake. "Na wewe umemwona?"

Mdogo wangu alinikanyaga mguu. Lakini wazazi walipokufa tuliishi kwa sababu majirani walisema, "Watoto wale hawadanganyi," wakatukopesha hata chumvi. Neno hilo ndilo urithi wetu wote.

"Nimeona tete likitikisika," nikasema.

"Tete si ndege," akasema mama, akafunika kalamu.

"Ungesema tu ndiyo," mdogo wangu akanifokea. "Neno moja! Hata mchungaji angesema ndiyo."

"Basi ungekuja na mchungaji."

Saa tano wenzetu waliondoka. Nikamwambia mama kiongozi kwamba siku haijaisha, sisi tunabaki. Akasema hawezi kumwacha mwanafunzi wake porini, itabidi naye angoje. "Karibu, mama," nikamwambia, nikamtandikia kitenge changu. Kwa magoti yale, akishakaa hasimami upesi, nami nilijua.

Tulingoja. Simu yangu ilitetemeka kwa wateja mpaka nikaizima. Mama akatoa chai, mimi nikatoa maandazi, akala matatu bila kuniuliza yametengenezwa na nini. Mdogo wangu alikuwa amenipa mgongo. Saa sita na nusu, mama akiwa ameinamia kikombe, ndege akaja, akakaa juu ya tete, na samaki mdomoni, mdogo kama ukucha. Nilimtazama kila mahali. Halafu akaondoka.

"Tumemwona!" mdogo wangu akasema. "Wote wawili!"

Mama hakuwa amemwona. Akamnyooshea kidole. "Wewe nyamaza. Yeye aeleze."

Nikaeleza. "Anaenea kiganjani. Tumbo rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Kichwani amesukwa mistari, mweusi na buluu, mweusi na buluu, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Lakini mistari inakata kichwa kwa upande, haishuki nacho. Kazi ile ingenichukua saa tano, na yule hatulii kitini."

Mama alifungua kitabu, akaleta picha karibu na miwani. Akaitazama sana.

"Nimemtazama ndege huyu tangu nikiwa msichana," akasema, "sijawahi kuona mistari inakwenda upande gani." Akafunua kalamu, akatia sahihi. Kumsimamisha kulitaka mikono yetu yote minne.

Karatasi ya kambi ilikuja wiki iliyofuata. Chini kabisa palikuwa na mstari wa sahihi ya baba au mama, hapakuwa na mstari mwingine. Nilishika kalamu, mdogo wangu akanikazia macho.

"Na hapo, yaya? Huo si uongo?"

"Nenda kapange soksi zako," nikamwambia, nikatia sahihi.